Mtoto wa Komba na Mke wa Hondohondo

Enzi zetu, sisi tuliosoma kwa daftari moja lililokatwa katikati ili ndugu wawili wagawane, kazi ya nyumbani ilifanywa kwa macho na miguu. Mwalimu akisema leteni majani ya aina tano, ulikuwa unaingia porini na kutoka na majani ya aina tano, na juu yake upupu ambao hukutumwa. Siku hizi mambo ni mepesi. Juzi mwanangu wa mwisho, Nasra, aliye darasa la tano hapa Kibaha, alirudi na swali: linganisha ndege mmoja na mnyama mmoja anayeishi mitini. Alilimaliza kabla chai haijapoa. Aliiuliza simu yangu, simu ikamjibu, naye akanakili. Nilipomuuliza amemchagua ndege gani, akasema, "Subiri mama, nichungulie."

Sikumlaumu sana. Mtoto aliyezaliwa ndani ya uzio wa matofali atamjua wapi ndege, zaidi ya kunguru anayekuja kuiba sabuni? Ila nilicheka peke yangu, kwa sababu swali hilohilo, karibu neno kwa neno, niliulizwa mimi nikiwa darasa la nne kule Vihingo, ndani kabisa ya Kisarawe. Na langu halikuisha kabla chai haijapoa. Lilichukua mvua nzima ya vuli, likagombanisha ukoo, na nusura limuue mtoto wa watu. Alikuwa mtoto wa komba, lakini naye ana watu wake.

Nianze na jinsi nilivyofika Vihingo, maana sikuzaliwa huko. Mama yangu alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja Kibaha, na alipanga chumba kimoja Kongowe. Nasema Kongowe ya Kibaha, kwa faida ya watu wa Dar wanaodhani Kongowe ni moja na ni yao. Baba alikuwa ameshakwenda zake, na habari zake tuziache hukohuko alikokwenda. Mama alikuwa kibarua tu pale ofisini. Ili aajiriwe moja kwa moja ilimbidi afaulu mtihani wa taipu, na ili afaulu ilimbidi abaki ofisini jioni akiigonga ile mashine hadi vidole vishike moto. Mimi nilikuwa nafungiwa chumbani na kopo la maji na kiporo. Nilipotimiza miaka minane alinibeba na kifurushi changu akanipeleka kwa mama yake, yaani bibi yangu, akaniambia nitakaa hapo hadi atakapokuwa amepata kazi ya kueleweka. "Nitakuja kila mwisho wa mwezi," alisema. Kabla hajaondoka alichukua kamba nyembamba, zile za ofisini za kufungia mafaili, akaupima unyayo wangu toka kisigino hadi kidole gumba, akafunga fundo. Kila alipokuja alinipima upya na kufunga fundo jipya. Alisema siku akipata nafasi ataninunulia viatu vya ngozi, vyenye kifungo pembeni.

Wale tuliolelewa na bibi tunajuana hata leo. Tunapenda chai yenye moshi na hatuwezi kulala bila kuuliza kama mlango umefungwa. Bibi yangu alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, na maneno yake hayakuwa na haraka. Aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa mabibi na wajukuu, na akaniambia tangu siku ya kwanza kwamba marehemu babu alikuwa mume wetu sote ila yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo mimi nitafagia. Nilifagia. Nilijifunza kuchota maji kisimani bila kumwagika, kutwanga kisamvu, na kula bibo, tunda la mkorosho, bila kujichafua, jambo ambalo mtoto wa Kongowe halijui. Utomvu wa bibo ukiingia kwenye gauni hautoki hadi gauni lenyewe liondoke duniani. Jioni tulicheza rede na kombolela hadi sauti zinakauka, kisha mihogo ya nazi kwenye sinia moja, mikono saba ya watoto, na mwenye mkono mdogo alilala na njaa kidogo. Siku hizi mtoto anapewa sahani yake, kijiko chake, na bado anauliza kama kuna kitu kingine.

Nyumba ya pili kutoka kwa Bibi ilikuwa ya Mjomba Shomari, kaka yake mama. Binti yake, Siwema, tulikuwa rika moja na darasa moja, na tulipendana kwa namna ya watoto wa kike wa umri ule, yaani tuligombana kila siku. Mjomba Shomari alikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi kijiji cha pili: mkewe hakutoka. Hakwenda gulioni, hakwenda kisimani, hakwenda hata kusaga. Kila kitu alileta Mjomba. Chumvi, mafuta ya taa, dagaa, sindano, vyote vilipita mikononi mwake. Hata khanga za mkewe alichagua yeye, na kwa rangi alizochagua ungedhani anamnunulia mtu asiyempenda. Wanawake wengine walimsikitikia sana mke wa mjomba. Ila nitasema ukweli, yeye alikuwa ananenepa na wao wanakonda.

Basi, mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa mtu wa milima ya Kaskazini, mrefu, mpole, aliyeshangazwa na kila kitu cha kwetu. Alikuwa bado hajazoea kwamba samli yetu ni nazi. Siku alipoandika ubaoni lile swali la kulinganisha, alitoa mfano wa tai na nyani, sisi tukatazamana. Nani ana shida ya tai? Vihingo ilikuwa na viumbe wake wawili ambao hatukuhitaji kitabu kuwaeleza, hondohondo na komba. Darasa zima liliwachagua haohao.

Kwa wale mliosahau, au mliokulia mahali penye lami, hondohondo ni ndege mkubwa mweusi mwenye tumbo jeupe, na juu ya mdomo wake amebeba kitu kama mdomo wa pili, sijui wa akiba. Walikuwa wanakuja kundi asubuhi kwenye mkuyu ulio nyuma ya shule, na akiruka mmoja unasikia mbawa zinavyovuma kama mtu anakung'uta mkeka. Sauti yake ni kilio cha mtoto mchanga, tena mtoto mwenye gubu. Wakati wa kutaga, jike anaingia kwenye shimo la mti na mlango unazibwa kwa udongo hadi unabaki ufa wa kupitisha mdomo. Hapo anakaa, wiki kwa wiki, na dume anahangaika kutwa kumletea matunda na kumlisha kwa ule ufa. Bibi alisema huyo ni mwali amewekwa ndani, kama walivyowekwa mabinti wa kwetu kabla ya kutolewa kwa ngoma, na akitoka amenawiri huwezi kumtambua.

Komba ni mwingine kabisa. Mchana hayupo. Jua likishazama ndipo unamsikia, naye pia analia kama mtoto mchanga, ila huyu ni mtoto aliyefinywa. Ana macho makubwa ya kuazima na mkia mnene kuliko yeye mwenyewe. Mgema wa kijiji alikuwa adui yake mkubwa, kwa sababu komba anapanda mnazi, anazama kwenye kibuyu na kunywa tembo hadi anasahau nyumbani. Nimewahi kumwona mimi mwenyewe, asubuhi, amelala chini ya mnazi, mkono mmoja juu ya uso, kama anayeogopa kuulizwa jana ilikuwaje. Na huyu komba mama akiwa na mtoto mchanga, anambeba kwa mdomo, anamshikiza kwenye tawi, kisha anakwenda kutafuta riziki. Hamfungii. Hamwachii mtu. Anamweka pale na kuondoka.

Nyote mmeshaona mahali mambo yalipokuwa yanaelekea. Mimi sikuona. Nilikaa jioni nzima nikiandika kwa uaminifu kwamba wote wanalia kama watoto, wote wanapenda matunda, mmoja ana manyoya na mwingine ana mbawa. Kesho yake Mwalimu akamwita Siwema asome mbele. Siwema akasimama, akanyoosha sketi, akasoma kwa ile sauti ya kuimba: "Hondohondo ni bora kuliko komba. Hondohondo jike hatoki, anakaa na watoto wake, baba anawaletea. Komba ni mlevi. Komba anamweka mtoto wake tawini, kisha anakwenda zake Kibaha."

Darasa lilipasuka. Watoto walicheka huku wakinitazama mimi, wengine wakagonga madawati. Mwalimu, masikini, hakuelewa. Alichukua kalamu nyekundu na kuuliza kwa upole, "Kibaha kuna komba?" na hapo ndipo walipocheka hadi wengine wakatoka nje. Mimi nilisimama bila kuitwa nikasema hondohondo ni mfungwa, kafungiwa ndani kwa matope, hata Kisarawe mjini haijui, na khanga zake mbaya. Hilo la khanga halikuwa kwenye somo. Wakati wa mapumziko tulishikana nywele na Siwema nyuma ya choo, na adhabu yetu ikawa kujaza pipa la shule kwa wiki nzima, ndoo moja sisi wawili.

Ningeweza kuyachukulia kama utani, na hakika ulikuwa utani, Siwema alikuwa hivyo. Tatizo ni kwamba mama alikuwa hajaja. Miisho miwili ya mwezi ilikuwa imeshapita bila yeye. Mvua za vuli mwaka huo zilikuja na nguvu za masika, barabara ikakatika mahali pawili, magari yakaishia mjini Kisarawe. Watu wazima walilijua hilo na wakaridhika nalo. Mimi kila Jumamosi nilikwenda kukaa juu ya karavati linalopitisha maji chini ya barabara yetu, nikitazama upande ambao gari hutokea, na nilirudi jioni nikiwa nimelowa. Bibi aliniuliza mara moja tu kwa nini ninakaa mvuani, nikasema naangalia vyura. Hakuniuliza tena, ila aliacha moto unawaka hadi nirudi.

Asubuhi moja, wiki ileile ya pipa, nilitangulia kisimani kabla hakujapambazuka vizuri. Kwenye mkorosho wa pembeni ya njia, tawi la chini, la kufika mkono wangu, kulikuwa na kitu kidogo kama mfuko wa ugoro. Nilisogea. Ni mtoto wa komba, ameng'ang'ania kwa vidole vyake vyembamba, ananitazama kwa yale macho. Mama yake hakuwepo. Nilitazama juu, nikatazama mikorosho ya jirani, nikahesabu hadi mia moja kama tulivyofundishwa, bila kuruka. Hakuna aliyekuja. Nikamchukua.

Nilimfunga kwenye pindo la khanga, nikamficha kwenye tenga bovu ndani ya jiko la nje, nikamwambia Bibi tumbo linaniuma na shule siendi. Siku nzima nilikuwa naye. Nilimtafunia ndizi nikamlisha kwa kidole. Nilimkamulia bibo. Alikula kidogo, alitetemeka sana, na mara kwa mara alitoa mlio mwembamba, tk, tk, kama saa ya mkononi. Nilimwambia asilie, mimi nipo. Nilimwambia mama yake ni mbaya na asimsubiri. Nilimwambia, "Mimi siendi Kibaha." Nina miaka hamsini na ushee sasa, na kati ya maneno yote niliyowahi kumwambia kiumbe hai, hayo ndiyo ninayoyaonea haya zaidi.

Siwema ndiye aliyetugundua, aliporudi shule na kuja kuuliza kama kweli ninaumwa au ninalikwepa pipa la maji. Alichungulia kwenye tenga. Aliinama akamgusa kichwani kwa kidole kimoja. Kisha akatoka mbio kumwita Bibi. Kwa muda niliona amenisaliti, lakini leo namshukuru.

Bibi hakugomba. Alichuchumaa, akamtazama yule mtoto, akanitazama mimi, kisha akaniuliza nimemtoa wapi.

"Kwenye mkorosho wa njia ya kisimani. Katupwa, Bibi."

"Nani kakwambia katupwa?"

"Mama yake hakuwepo."

"Hakuwepo ndiyo katupwa?" Bibi alilivuta tenga kwake. "Huyu hajatupwa, Zuhura. Amewekwa. Mama yake anajua tawi alilomweka. Akirudi asimkute, atalia hapa mpaka kuche."

Aliniita Zuhura, hakuniita mke mwenzangu, na hapo nikajua nimefanya jambo kubwa. Nikaanza kulia. Nilimwambia nilihesabu hadi mia moja. Bibi akasema mia moja ya mtoto ni ndogo, mwenye kazi hamalizi kazi yake kwa mia moja. Kisha akavaa kandambili zake, akafunga khanga kifuani, akasema twende, anayetoa ndiye anayerudisha.

Tulikwenda watatu, Bibi mbele, mimi katikati na mtoto mkononi, Siwema nyuma. Jua lilikuwa linazama. Bibi alinifanya nilitafute tawi lenyewe, siyo la juu yake wala la pembeni, na nilimshikiza pale vidole kwa vidole. Alikuwa amechoka, alining'inia vibaya. Tukarudi nyuma hadi kwenye kichuguu, tukachutama. Bibi akasema mtu asikohoe.

Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri jioni ile, si matokeo ya mtihani, si posa, si mtoto tumboni. Sikuwa namwogopea komba peke yake. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba yule mama asiporudi, basi Siwema alisema kweli, kule Kibaha nako kuna mtu ambaye harudi, na nitaacha kwenda kwenye karavati. Siwema aliniegemea akaninong'oneza, "Asiporudi je?" Bibi ndiye aliyejibu. Alisema, "Nyamaza."

Giza lilianza kuingia kwenye mikorosho. Yule mtoto akaanza, tk, tk. Kimya. Tena, tk, tk. Ndipo tukasikia kilio, mbali, upande wa msitu, kile cha mtoto aliyefinywa. Kikasogea. Matawi yakatikisika juu yetu, na komba akashuka kwa mruko mmoja, akatua hatua mbili toka kwa mtoto wake, akasita. Nilimwona ananusa. Mtoto alikuwa ananuka ndizi, moshi wa jikoni na khanga yangu. Alinusa, akarudi nyuma kidogo, nami nikajua ni mia moja yangu iliyomharibia harufu. Alikaa hivyo muda ambao hata leo siwezi kuupima. Kisha akasogea, akamlamba uso, akamwinua kwa ngozi ya mgongo kama unavyoinua kikapu, na mara hawakuwepo.

Siwema alinishika mkono na hakuuachia hadi nyumbani. Mlangoni akasema, "Haya, komba anarudi," kwa sauti ya mtu anayekiri kosa polisi. Siku ya pili niliona daftari lake. Alikuwa hajafuta kitu, ila chini ya "anakwenda zake Kibaha" aliongeza kwa penseli, "lakini anarudi." Mwalimu aliweka alama ya vema kubwa. Nadhani bado alikuwa haelewi.

Mama alikuja wiki tatu baadaye, mvua zilipopumua. Lori lilimfikisha pale barabara ilipokatika na sehemu iliyobaki alitembea, viatu mkononi, tope magotini, bahasha ya khaki kwapani. Nilikuwa kwenye karavati. Nilikimbia hadi nikapoteza kandambili moja ambayo haikuonekana tena. Ndani ya bahasha kulikuwa na viatu vya ngozi, vya rangi nyekundu iliyoiva, vyenye kifungo pembeni. Mama alipiga magoti palepale njiani kunivalisha. Vilikuwa vidogo. Fundo la mwisho la ile kamba lilikuwa la miezi mitatu nyuma, na mguu wa mtoto anayekula mihogo ya Bibi haungoji mtu. Nilikunja vidole nikasukuma kisigino hadi kikaingia. Akaniuliza, "Vimekutosha?" Nikasema vimenitosha kabisa. Nilivivaa siku zote mbili alizokaa. Nilikwenda navyo kisimani, shambani, kwa mjomba, nikitembea kama bata. Alipoondoka, Bibi aliniketisha, akanivua, akanipaka mafuta ya nazi kwenye malengelenge. Viatu alivirithi mdogo wake Siwema. Mwaka uliofuata mama alifaulu mtihani wake wa taipu, akapata vyumba viwili, akaja kunichukua.

Basi hayo ndiyo niliyomsimulia Nasra juzi, baada ya ile kazi yake ya dakika tano, na kwa mara ya kwanza tangu Januari aliweka simu chini bila kuambiwa. Alicheka nilipofika kwa Mjomba Shomari. Nikamwambia asicheke, maana siku hizi sisi sote ni hondohondo. Watoto wetu wanakaa ndani ya kuta zenye vipande vya chupa juu, madirisha yana nondo, geti la chuma halifunguki hadi mtu ajieleze. Njaa ikiwashika wanapiga simu, kijana wa bodaboda anakuja amevaa kofia lake lenye mdomo mbele, anapitisha chipsi kwenye kile kitundu cha geti, anaondoka. Nimelitazama jambo hilo mara nyingi na sijaona tofauti, isipokuwa hondohondo dume halipwi. Sisi tulilelewa kikomba. Tuliwekwa matawini, kwa mabibi, kwa mashangazi, kwa majirani, tukaumwa na siafu na tukang'ang'ania. Nasra aliniuliza kipi ni bora. Nikamwambia hilo asiiulize simu.

Kitu ambacho sikukipima ni kwamba mama yangu alikuwa palepale. Anaishi nami sasa, huku Kongowe, si mbali na kile chumba chake cha zamani. Alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, na nilidhani hasikilizi, maana masikio yake siku hizi yanachagua. Habari ya komba alikuwa hajawahi kuisikia. Bibi hakumwambia, Siwema hakumwambia, nami sikumwambia kwa miaka arobaini na zaidi. Aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo uliamini nimekutupa," alisema.

"Siku moja tu, mama. Asubuhi mpaka magharibi."

Alitikisa ungo, akapuliza makapi, akautikisa tena. Nasra alitutazama kwa zamu.

"Na vile viatu vilikuwa vidogo," mama akasema.

"Vilinitosha."

"Zuhura. Nilitembea nyuma yako njia nzima ya kisimani. Nilikuona unavyokanyaga." Alitazama mikono yake. "Nilijua hata kabla sijafika. Kamba ilikuwa ya miezi mitatu, na mtoto hakai miezi mitatu hajakua. Lakini ningerudi dukani kubadilisha, lori lingeniacha. Nikasema nimeshachelewa vya kutosha, acha nifike na vidogo."

Nilikwenda nikakaa naye kwenye mkeka, nikachukua mchele upande wangu, tukachambua. Nasra alichukua daftari lake akafuta alichonakili. Sijui aliandika nini baadaye, amenikataza kuchungulia.

Enzi zile mtu akikuacha ulijua jina la njia aliyopita na ulikuwa na mahali pa kukaa ukiitazama. Leo kila mmoja wetu ana simu mfukoni na tunapotezana ndani ya nyumba moja. Mimi mwenyewe kila siku ya kazi naondoka alfajiri kwenda Dar, namwacha mama na kiti chake, chupa yake ya chai na redio. Na kila siku, kwa miaka miwili sasa, ananiuliza nitarudi saa ngapi, nami nilikuwa namjibu kwa kiburi cha watu wenye haraka, nikifika nimefika. Tangu jioni ile namtajia saa. Namwambia, saa kumi na mbili na nusu, mama. Anahesabu. Na hata foleni ikinichelewesha, nikifungua geti namkuta kwenye kiti chake, ananitazama, palepale nilipomweka.